Amana na Upangaji: Suala la Kimaadili Kuhusu Meza Pepe za Vyuo Vikuu

Utangulizi

Katika mapokeo ya utenzi wa Kiswahili, mtunzi aghalabu huanza kwa kuomba zana. Mwanzoni mwa kazi yake, pamoja na kumtaja Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, huagiza aletewe wino na karatasi ndipo aanze kusimulia au kuusia. Mwana Kupona, katika utenzi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, anaifuata desturi hii. Ni rahisi kuipita desturi hiyo kama kanuni ya mtindo tu. Hata hivyo, ndani yake mna wazo zito: kwamba kabla ya kuyazungumzia maneno yafaa kukitaja kinachoyabeba, na kwamba zana zikishaletwa huwa mikononi mwa yule anayeandika. Wino uliokwisha kuandikiwa haumrudii aliyeuleta.

Wazo hilo linahitaji kufikiriwa upya katika wakati huu ambapo vyuo vikuu katika nchi nyingi vimeanza kuwapa wanafunzi na wahadhiri wao meza za kazi zisizokuwapo mahali walipo. Mwanachuo hufungua tarakilishi yake, huandika jina na neno lake la siri, na mbele yake hujitokeza uso wa tarakilishi nyingine wenye majalada, programu na maandishi yake yote. Tarakilishi hiyo ya pili imo katika jengo la mbali, pengine katika nchi nyingine, nayo ni mali ya kampuni ambayo chuo kimeingia nayo mkataba. Kilichomo mezani pa mwanachuo ni kioo cha kutazamia tu. Mpango wa namna hiyo utaitwa hapa meza pepe.

Mengi yanayosemwa kuhusu meza pepe ni ya kihasibu na ya kiufundi: gharama, kasi, usalama. Swali linaloulizwa katika makala hii ni la kimaadili. Je, anayempa mwenziwe mahali pa kuandikia, kisha akaihifadhi kazi yake, ana wajibu gani kwake? Na je, wajibu huo unaweza kukabidhiwa mtu wa tatu kwa mkataba? Hoja itakayotetewa ni kwamba meza pepe huelezwa kwa lugha ya amana ilhali hupangwa kwa masharti ya upangaji, na kwamba chuo kikuu kinaweza kukodi mashine lakini hakiwezi kukodisha wajibu wake.

Meza Pepe na Asili Yake

Wazo la kutumia mashine iliyo mbali si geni vyuoni. Mnamo 1964, katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, wanahisabati John Kemeny na Thomas Kurtz walianzisha mfumo uliowawezesha wanafunzi wengi kuitumia tarakilishi moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbele ya kifaa chake kilichounganishwa kwa waya. Tarakilishi ilikuwa ghali mno wakati huo, na kushirikiana ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kumfikishia hata mwanafunzi wa fasihi au historia. Tarakilishi ndogo za mezani zilipoenea katika miaka ya 1980, mkondo ukageuka: kila mtu akawa na mashine yake na maandishi yake yakakaa humo. Meza pepe ni marejeo ya mkondo wa kwanza, ila kwa tofauti moja kubwa. Mashine ya Dartmouth ilikuwa ya chuo chenyewe, ndani ya eneo la chuo, ikiangaliwa na walimu na wanafunzi wa chuo hicho. Mashine ya leo ni ya kampuni ya biashara.

Kampuni ya Amazon ilitangaza huduma yake ya meza pepe mwaka 2013, na Microsoft ikafungua yake kwa wateja wote mwaka 2019. Janga la Korona lilipoyafunga majengo ya vyuo mwaka 2020, maabara za tarakilishi zikawa mahame, na haja ya kuwafikishia wanafunzi programu walizozizoea maabarani ikawa ya dharura. Kilichoanza kama hiari kikawa, kwa vyuo vingi, mazoea.

Lugha inayotumiwa kuyaelezea mambo haya inastahili kuhakikiwa kama lugha nyingine yoyote. Inasemwa kwamba kazi za wanachuo zimo katika "wingu". Sitiari hii inaficha zaidi ya inavyofichua. Wingu halina mwenyewe, halina anwani, halina mlinzi mlangoni. Lakini mashine zenyewe zimo katika majengo ya saruji, yenye nyaya, mitambo ya kupozea joto, bili za umeme na wanahisa. Kiswahili kina methali isemayo kuwa dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima anayelitazama wingu huona ndani yake ahadi. Pamoja na hayo, mkulima huyo anajua kwamba wingu si lake, na kwamba linakwenda linakopelekwa na upepo. Nalo neno "pepe", lililozoeleka katika "barua pepe", lina maana nyingine ya kale zaidi: punje ya nafaka isiyo na kiini, ile inayopeperuka mchele unapopetwa. Haidaiwi hapa kwamba jina ndilo linaloamua tabia ya kitu. Linalodaiwa ni kwamba mtu anayeahidiwa meza ana haki ya kuuliza kama punje aliyopewa ina kiini.

Hoja za Watetezi

Haitakuwa haki kuzipuuza sababu zinazotolewa na watetezi wa mpango huu, maana zina uzito. Ya kwanza ni usawa. Mwanafunzi wa uhandisi au wa takwimu huhitaji programu ambazo leseni zake ni ghali na ambazo haziendeki katika tarakilishi dhaifu. Kwa meza pepe, mwenye tarakilishi kuukuu ya mtumba anaweza kuzitumia sawasawa na mwenye tarakilishi mpya, kwa kuwa kazi nzito hufanywa na mashine ya mbali. Katika nchi ambamo wanafunzi wengi hufika chuoni bila tarakilishi yoyote, hoja hii haiwezi kutupwa kando.

Ya pili ni usalama dhidi ya ajali za kawaida. Hakuna idara isiyokuwa na kisa cha tasnifu iliyopotea pamoja na mkoba ulioibwa, au ya miezi ya kazi iliyofutika kwa sababu mashine ilikufa ghafla. Kazi iliyohifadhiwa mbali haiibwi garini wala hailoweshwi na mvua. Ya tatu ni wepesi wa usimamizi. Mafundi wachache wanaweza kuziangalia meza elfu moja kwa pamoja badala ya kuzunguka kutoka chumba hadi chumba wakirekebisha moja moja.

Hoja hizi zikikubaliwa, bado hazijalijibu swali la kimaadili. Zinaonyesha kwamba mpango una manufaa. Hazionyeshi manufaa hayo yanatolewa kwa masharti gani, wala ni nani atakayedaiwa mambo yakiharibika. Mtu anaweza kusaidiwa na kudhulumiwa kwa tendo lile lile.

Dhana ya Amana

Jamii za Waswahili zina dhana iliyokomaa ya kulizungumzia jambo hili, nayo ni amana. Kitu kikiwekwa amana kwa mtu, mtu huyo hupata jukumu bila kupata umiliki. Katika fikira za kisheria za Kiislamu, zilizoilea dhana hii katika pwani ya Afrika Mashariki, masharti yake ya msingi ni manne. Aliyeaminiwa anapaswa kukihifadhi kitu kama ahifadhivyo chake. Asikitumie kwa faida yake bila idhini. Akirejeshe mwenyewe akikitaka. Na asikikabidhi kwa mtu mwingine bila ridhaa ya mwenyewe ila kwa dharura. Kitu kikipotea bila ya uzembe wake, hadaiwi fidia. Lakini akizembea, au akikipeleka kwa mtu wa tatu bila idhini, hubeba dhamana ya kilichopotea.

Upangaji ni uhusiano wa aina nyingine. Mpangaji hulipa kodi na kupata nafasi kwa muda. Mwenye nyumba anaweza kuipandisha kodi, kuiuza nyumba, au kumtaka mpangaji ahame baada ya notisi. Hakuna aibu katika hayo, kwani kila upande unajua umesimama wapi. Ubaya huingia pale mtu anapopangishwa chumba huku akiaminishwa kwamba ameweka amana, kwa sababu hapo huacha kuchukua tahadhari ambazo mpangaji yeyote mwenye akili angezichukua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Aliyeivaa akijua kuwa ni ya kuazima hujihadhari. Aliyeambiwa kwamba ni yake ndiye anayefedheheka.

Uhusiano wa meza pepe una pande tatu: mwanachuo, chuo na kampuni. Kati ya chuo na kampuni upo upangaji ulio wazi, ulioandikwa kwa kurasa nyingi. Kati ya mwanachuo na chuo hakuna upangaji. Mwanachuo hakuichagua kampuni, hakuusoma mkataba, na mara nyingi hakuulizwa. Alikabidhi kazi yake kwa chuo kwa sababu ni chuo chake. Uhusiano huo ni wa amana kwa maana kamili. Suala zima la kimaadili limo katika kiungo hiki: chuo kinapokea kwa mkono wa amana na kutoa kwa mkono wa upangaji.

Masharti Yakipimwa kwa Matukio

Sharti la kurejesha linaweza kupimwa kwa tukio lililovigusa vyuo vya dunia nzima. Kwa miaka kadhaa kampuni ya Google ilivipa vyuo nafasi ya kuhifadhia kazi isiyokuwa na kikomo, na vyuo vikawahimiza wanachuo waitumie. Mnamo Februari 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba ukarimu huo ungekoma, na kuanzia Julai 2022 kila taasisi ikawekewa kikomo cha msingi cha terabaiti 100 kwa watu wake wote. Vyuo vingi vililazimika kuwagawia wanafunzi mafungu madogo, na baadhi vikawataka wahitimu waviondoe vitu vyao. Kisheria kampuni haikukosea; mwenye nyumba alibadilisha masharti na kutoa notisi. Lakini mhitimu aliyeambiwa kwa miaka minne kwamba kazi yake i salama katika hifadhi ya chuo hakuwa amewekeana neno lolote na kampuni. Neno alilopewa lilikuwa la chuo.

Jambo kama hilo lilitokea katika uwanja wa meza pepe zenyewe. Programu za kampuni ya VMware zilikuwa zimetumiwa na vyuo vingi kuendeshea mashine zao. Novemba 2023 kampuni hiyo ilinunuliwa na Broadcom, na mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ukasitishwa, wateja wakatakiwa kulipa kwa vipindi. Tawi lililoshughulikia meza pepe likauzwa kwa wawekezaji wengine mwaka 2024 na kupewa jina jipya, Omnissa. Katika muda usiofika miaka miwili, vyuo vilijikuta na mwenye nyumba mpya bila ya kuhama nyumba.

Sharti la kuhifadhi lina mifano iliyo mizito zaidi. Katikati ya Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za kazi za watafiti kutoka katika hifadhi ya tarakilishi yake kuu. Majalada yapatayo milioni 34 yalifutwa, na vikundi 14 vya utafiti viliathirika. Sababu haikuwa moto wala wizi. Ilikuwa hitilafu iliyoingizwa na kampuni iliyouza mfumo ilipokuwa ikirekebisha programu ya kunakili akiba. Yaani chombo kilichowekwa ili kuzuia upotevu ndicho kilicholeta upotevu. Kampuni ilikiri kosa. Hata hivyo, sehemu ya kazi haikuweza kurejeshwa, na kukiri hakuandiki upya data ya majaribio ya miaka.

Mfano wa pili hautoki chuoni, ila unafaa kwa sababu unaonyesha mantiki ya meza pepe ikiwa imefikishwa mwisho wake. Serikali ya Korea Kusini iliwaandalia watumishi wake hifadhi ya pamoja, na katika wizara nyingine iliagizwa kwamba kazi zote ziwekwe humo badala ya katika tarakilishi za ofisini. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, na terabaiti 858 za kazi za watumishi zikateketea. Hifadhi hiyo haikuwa na nakala mahali pengine, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Wizara iliyoitii amri kikamilifu ndiyo iliyopoteza zaidi. Waliobaki na nakala zao mezani waliokoa kitu. Tukio hili linafunza kwamba kumtaka mtu aweke kila alicho nacho mahali pamoja ni kumwondolea uwezo wa kujihami, na anayemwondolea mwenziwe uwezo huo hujitwika wajibu mkubwa kuliko wa mtunzaji wa kawaida.

Kwa msomaji wa Kenya kuna jambo la ziada. Meza pepe haifunguki bila mtandao. Nyaya za chini ya bahari ziitwazo SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na ile ya EASSy mwaka uliofuata, na tangu hapo kazi za vyuo zimeegemea nyaya hizo. Vituo vikubwa vya data ambavyo Microsoft na Amazon zilivifungua barani Afrika mwaka 2019 na 2020 vimo Afrika Kusini. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya nchi hiyo, na mtandao wa Kenya na majirani zake ukadorora kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikuwa umepotea karibu nchi nzima. Mwanafunzi mwenye andiko lake ndani ya tarakilishi yake angeweza kuendelea kuandika hadi betri iishe. Mwenye meza pepe peke yake hakuwa na cha kufungua.

Hapo ndipo hoja ya usawa inapogeuka. Mwenye uwezo huitumia meza pepe kama nyongeza: anayo tarakilishi nzuri na ana nakala nyumbani. Asiye na uwezo hana meza nyingine. Huyu wa pili ndiye anayetajwa kila mara mpango unapotetewa, naye ndiye anayebeba hatari yote mpango unapokwama. Usawa unaogawa manufaa kwa wote na kumwachia maskini peke yake hasara haujastahili jina hilo.

Siri ya Andiko Ghafi

Sharti la kutokitumia kitu kilichowekwa amana linaelekea kwenye jambo linalowahusu wanafasihi kwa namna ya pekee. Kazi inayofanyika katika meza pepe hufanyika ndani ya mashine ya mwingine. Mwenye kuisimamia anaweza kujua mtumiaji aliingia saa ngapi, alifungua programu gani, alikaa kwa muda gani. Na kwa idhini ya wakubwa anaweza kuyafungua majalada yenyewe. Haimaanishi kwamba hufanya hivyo. Inamaanisha kwamba uwezo huo upo, na kwamba mwandishi anaandika akijua kuwa upo.

Historia ya fasihi ya Kenya ina mengi ya kusema kuhusu hali ya mwandishi aliye chini ya jicho la mwenye nyumba. Abdilatif Abdalla, alipokuwa gerezani kati ya 1969 na 1972, alizitunga kwa siri tungo zilizochapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, akiziandika kwenye karatasi za chooni. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za aina hiyo hiyo. Andiko lilinyakuliwa na walinzi, kisha likarudishwa. Ni kweli kwamba chuo si gereza, na kulinganisha msimamizi wa mitambo na askari jela kungekuwa utovu wa adabu. Linaloonyeshwa na mifano hii ni dogo ila la msingi: andiko ambalo bado halijakamilika huhitaji mahali ambapo mwenye mahali hana haki ya kulisoma. Karatasi mbovu kuliko zote ilitosha kwa sababu iliweza kufichwa.

Andiko ghafi ni uwanja wa kukosea. Mtafiti huandika humo dhana ambayo kesho ataikataa, humkosoa mwalimu wake kwa maneno ambayo hatayachapisha, huthubutu kusema lisilosemeka ili aone kama lina ukweli. Uhuru wa kitaaluma hutajwa sana kama uhuru wa kuchapisha na kufundisha. Lakini uhuru huo una mzizi, nao ni uhuru wa kufikiri vibaya faraghani kabla ya kufikiri vyema hadharani. Mtu anayehisi kwamba anatazamwa huanza kuandika kilichokwisha safishwa, na fikira iliyosafishwa kabla ya kuzaliwa mara nyingi haizaliwi.

Pingamizi Kutoka Katika Historia ya Miswada

Inaweza kupingwa kwamba hoja hizi zinatukuza ukaribu bila sababu, na kwamba historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe inaonyesha kinyume. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, zingaliweza kupotea zote. Zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyezikusanya kutoka vinywani mwa watu, akishirikiana na mmisionari William Taylor. Karatasi hizo zilikwenda Uingereza na kuwekwa katika maktaba ya chuo kikuu cha London. Hichens akachapisha diwani mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchunguzi wake jijini Nairobi. Kilichokuwa mbali, kwa hiyo, ndicho kilichookoka. Miswada mingapi iliyobakia majumbani Lamu na Pate imeliwa na mchwa?

Pingamizi hili ni la haki, na linasaidia kuiweka hoja mahali pake. Umbali wenyewe si dhambi. Miswada hailindwi na ukaribu. Inalindwa na wingi wa nakala, wingi wa watunzaji, na kuwapo kwa mtu anayejua kitu kiko wapi na ni cha nani. Tungo za Muyaka zilikuwa katika kumbukumbu za watu wa Mombasa kabla hazijafika karatasini, na hazikufutika katika kumbukumbu hizo siku karatasi zilipopanda meli. Wanakili wa tendi walifanya kazi kwa namna hiyo hiyo: kila nakala ilikuwa na mwenyewe, na kupotea kwa moja hakukuwa kupotea kwa zote. Kosa la Daejeon lilikuwa kuwa na nakala moja tu, iwe karibu au mbali.

Kisa hicho kina upande mwingine pia. Ilipita takriban karne moja tangu kufa kwa Muyaka kabla tungo zake hazijatolewa kitabuni, na Mswahili aliyetaka kuiona miswada yenyewe alihitaji nauli ya kwenda London. Kuhifadhiwa ni jambo moja. Kuwa na haki ya kukifikia kilichohifadhiwa ni jambo la pili. Amana inayadai yote mawili.

Wajibu wa Chuo

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inatofautisha kati ya yule anayeamua data itumikeje na yule anayeishughulikia kwa niaba yake, na inampa mhusika haki ya kupewa data yake katika umbo linalotumika. Kwa hiyo sheria inautambua, walau kwa sehemu, wajibu usiohamishika. Hata hivyo, sheria hiyo inahusu habari za mtu binafsi. Sura ya tatu ya tasnifu, shajara ya utafiti, au rekodi za fanani wa Tana zinahitaji ulinzi mpana zaidi ambao mkataba wa kampuni hauwezi kuutoa, na ambao ni chuo peke yake kiwezacho kuuahidi.

Ahadi hiyo, ikiwa ya kweli, ina maudhui mahususi. Kwanza, mwanachuo aambiwe kwa lugha anayoielewa kazi yake imo wapi, inashikwa na nani na kwa masharti gani. Pili, apewe njia rahisi ya kubaki na nakala yake mwenyewe, na asiye na chombo cha kuiwekea akopeshwe na chuo, maana haki isiyo na chombo ni ya wenye chombo. Tatu, chuo kishike nakala nyingine nje ya mikono ya kampuni, ili mwenye nyumba akibadilika kazi isipotee. Nne, kufunguliwa kwa majalada ya mwanachuo kuwe na sababu iliyoandikwa, na mwenyewe aarifiwe. Tano, anayehitimu asiondolewe kabla ya kukabidhiwa vyake. Mambo haya yana gharama. Chuo kisichoweza kuyagharimia bado kinaweza kukodi meza pepe. Ila hapo kinapaswa kuwaambia wanachuo wazi kwamba wamepanga, ili kila mmoja ajihami awezavyo.

Hitimisho

Meza pepe si laana wala neema kwa asili yake. Ni mkopo wa mahali, na mikopo huhukumiwa kwa uaminifu wa mkopeshaji. Methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini inawahusu wasomi zaidi. Mali yao ndiyo hilo daftari lenyewe, na daftari likikaa kwa mwingine hakuna daftari la pili litakalotoa habari za kupotea kwake. Miaka mia ijayo atatokea mtafiti anayetaka kujua mshairi wa leo alilikata neno gani kabla ya kulichagua alilochapisha. Mwalimu Sikujua aliwaendea wazee wa Mombasa kwa ajili ya Muyaka, na wazee walikuwapo. Mtafiti huyo atakiendea chuo kikuu, na litakalomkuta huko linategemea jina ambalo vyuo vinaupa mkono wao leo vinapoipokea kazi ya mwanafunzi.